Ishike Ukingoni

Usiilaze kiganjani. Ishike ukingoni,
kidole gumba huku, cha shahada kule,
kama unavyomshika panzi usiyetaka kumvunja mguu.
Jasho lina chumvi, na chumvi haisahau.

Hayo nilimwambia Bwana Sugden
Jumatano, siku ya soko hapa Todmorden,
mvua ikiinyeshea Yorkshire na Lancashire
bila ubaguzi.

Aliileta ndani ya soksi ya mtoto, ya buluu.
Shilingi tano za Malkia, mwaka 1893.
Bibi yangu angeiita dala
na kuuliza inanunua sukari kiasi gani.

Mizani kwanza. Gramu ishirini na nane kamili;
kiwandani ilitoka na robo ya ziada.
Hiyo robo imebaki mifukoni
mwa watu waliokwisha kuzikwa.
Nikaigonga kwa penseli: ikalia,
ikakawia kunyamaza. Risasi haiwezi hivyo.
Fedha.
Kwa lugha yangu neno ni hilo hilo,
la madini na la malipo,
ndiyo maana hulitamka polepole.

Kisha kioo cha kukuzia.
Shela la Malkia, hapo juu ya sikio,
ndipo panapoanza kulika. Mikunjo mitatu ipo,
wa nne umeyeyuka.
Nyuma, mpanda farasi bado ana upanga,
joka bado lina bawa.
Ukingoni, Kilatini: pambo na kinga,
herufi zote zipo.
Wasemao sarafu ina pande mbili
hawajawahi kununua.

Kazi hii ina maneno yanayodanganya kwa adabu.
"Njema" ni ile iliyofutika uso.
"Nzuri" imechoka.
"Nzuri sana" ndiyo unaweza kumwonyesha mgeni.
Hii ilikuwa nzuri sana.
Ilikuwa.

Nikaiinamisha chini ya taa.
Fedha iliyoachwa peke yake huvaa kijivu,
zambarau kidogo pembeni,
na mwanga huizunguka kama gurudumu.
Hii iling'aa kote kwa pamoja, mng'ao wa sufuria,
na ndani ya mng'ao, mikwaruzo, myembamba kuliko nywele,
maelfu, yote ikielekea upande mmoja.

"Imesuguliwa," nikasema.

"Maureen," akasema. "Dawa ya meno na fulana kuukuu.
Kila mkesha wa Krismasi, miaka arobaini na mmoja.
Alitaka ing'ae kuliko vijiko."

Nawajua wanunuzi ambao hapo husema "imeharibiwa,"
wakashusha bei, wakatabasamu.
Neno hilo ninalo hata mimi.
Lilifika kwenye ulimi, likaketi.

Nikamwambia: pauni thelathini na mbili nanunua,
arobaini nitauza. Yote mawili nikayaweka mezani
ayaone.

"Na kama asingeigusa?"

"Sitini na tano. Sabini,
akija mteja mwenye haraka."

Akatoa kwa vidole, polepole,
fundi huyu wa breki za mabasi,
kucha zake bado zina mpaka mweusi wa kazi aliyostaafu.
"Thelathini na tatu," akasema. "Hizo ndizo zake."

Nilidhani ananidai.

"Hizo siuzi. Na wewe huna msumeno
wa kuzikata ukaniachia."

Akaitia mfukoni,
mfuko wenye funguo.
Kila hatua hadi mlangoni nikasikia
fedha ikigongana na chuma,
nikahisi ganzi menoni,
nikafungua kinywa nimwambie tena, ishike ukingoni,
kengele ya mlango ikanitangulia.

Soksi ameisahau kaunta.
Nimeipima nayo, sijui kwa nini.
Gramu kumi na moja.