Zoezi la Jumamosi, Newala

Tulikubaliana kwamba ofisi imeungua.
Saa tatu kamili asubuhi, mwezi wa saba,
mikorosho nje imepulizwa salfa
kama wari waliopakwa unga,
nami nimeshika saa na fomu:
Hatua. Mhusika. Dakika. Maoni.

Meneja Nandonde akasema, "Moto!"
kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.
Tukatoka kwa adabu, kwa mstari.
Bi Somoe akarudi ndani kufuata mkoba,
nikamwandika: marehemu.
Alininunia mpaka saa sita.

Mpango una kurasa sitini na mbili.
Aliuandika kijana wa Dar, alikaa siku nne,
akaondoka na kilo tatu za korosho na risiti.
Ukurasa wa tisa: nakala ya kumbukumbu zote
ihifadhiwe mahali salama.
Mahali salama ni kabati la chuma.
Kabati la chuma limo ofisini.
Ofisi, kumbukeni, imeungua.
Ufunguo wa jenereta anao Mfaume,
na Mfaume yuko Kitangari, anamtoa mwanawe jandoni.
Tulicheka. Nani asingecheka?
Dakika arobaini na moja, nikaandika.

Lakini mle kabatini,
kwenye kidude kisichozidi kidole gumba,
wamo watu elfu mbili mia tatu na sita.
Yumo mama wa Mnyambe, magunia kumi na manne,
anadai malipo ya pili.
Yumo yule wa Mkwedu aliyeleta gunia moja tu,
akaulizia pesa siku ileile,
ya sanda.

Ukurasa wa kumi na mbili: orodha ya simu.
Wa kwanza kupigiwa, usiku au mchana,
J. Lilungu, mhasibu mkuu.

Tukatazamana.
Lilungu tulimzika mwezi wa pili, kaburi likijaa maji,
na sote tuliochangia rambirambi
hatukukumbuka kumtoa kwenye ukurasa ule.

"Ruka," akasema Nandonde.
Fomu haina neno ruka.
Nikapiga.

Iliita mara tatu.
"Haloo?" Sauti ya mwanamke, nyuma yake mchi ukitwanga.
"Ndiyo, ni ya marehemu. Naichajisha kwa jirani mwenye sola,
maana watu wa korosho bado wanampigia.
Wengine hawajui. Nawaambia.
Kwani kuna nini huko?"

Hakuna kitu, mama, nikasema.
Ofisi imeungua, lakini si kweli.

Mchi ukasimama.
"Alhamdulillahi. Na daftari zake je, mnazitaka?
Ziko hapa mvunguni, za misimu sita,
kila jina, kila kilo, kwa mkono wake.
Ya mwaka juzi panya wameitafuna pembeni.
Nilidhani mtakuja wakati wa arobaini."

Nikabaki na kalamu hewani.
Mhusika: J. Lilungu.
Dakika: mbili.
Alipatikana?
Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.

Saa sita umeme ukakatika, wa kweli huo,
hakuna aliyeshtuka;
tulishazoea kuwa majivu.
Nandonde akatafuta mtu wa kwenda Makote.
Tukaangaliana viatu.
Bi Somoe, marehemu tangu saa tatu,
akaubana mkoba wake kwapani
akaita bodaboda.