Vidole Kumi, Saa Kumi na Moja

Usiku naijaza chupa ya chai maji ya moto,
maana alfajiri mikono hii haiwashi jiko.
Saa kumi na moja, Bugarika bado giza,
namimina kwenye beseni, nazamisha vidole
kimoja kimoja, kama matroni aamshaye bweni.
Gumba huitika. Cha shahada hununa.
Cha pete (pete yenyewe ilikatwa kwa msumeno
na sonara wa mtaa wa Rufiji, mwaka juzi)
hakisemi na mtu hadi jua litoke.

Daktari aliandika: baridi yabisi.
Yabisi ni kavu, nikamwambia,
hii yangu imelowa. Hutoka ziwani,
hupanda mawe pamoja na ukungu,
hunikuta kitandani kabla ya adhana.
Akacheka. Akaongeza vidonge.
Kifuniko cha kopo ni cha kubonyeza huku unazungusha;
aliyekibuni hajawahi kuumwa.
Masalu wa jirani hunifungulia, namlipa karanga.

Nimejifunza hila.
Mpini wa mwiko nimeuviringishia mpira wa baiskeli.
Vifungo vya gauni nimeng'oa, nimetia lastiki.
Ndoo imekuwa kidumu, safari moja imekuwa nne.
Ngazi za mawe ni tisini na sita;
ya thelathini napumzika kwa mama Ng'washi,
tunajifanya nimekuja kusalimia.
Kanisani, ikifika kutakiana amani,
nawapa kiwiko.

Miaka ishirini na sita nilisuka Kirumba.
Twende kilioni, mistari myembamba kama uzi wa nyavu za dagaa.
Maharusi walinipangia foleni.
Sasa mteja ni mmoja: Nyamizi, mjukuu,
darasa la tatu, kichwa hakitulii.

Leo nilimwambia, tunyoe tu,
shule yenyewe inapenda vipara.
Hakujibu. Alileta kigoda,
akakaa katikati ya magoti yangu,
magoti yakalia kama mlango wa stoo.
Nikasuka mabutu manne, makubwa, ya kivivu,
nikipumua kila fundo.
Akajitazama kwenye mfuniko wa sufuria.
"Bibi, mistari imepinda."
Imepinda kama njia ya kwetu. Kwani hufiki?

Akatoka mbio, begi likimpiga mgongoni,
akishuka mawe mawili mawili.
Nikabaki na beseni, maji yamepoa,
na unywele wake mmoja umenasa
kwenye kidole kile kisichosema na mtu.