Nzuri Si Kipimo

Zamu yangu ya kwanza wodini Bahi, mwezi wa saba,
baridi ikipenya madirisha yasiyofunga,
nilimuuliza mzee Chilongani, kitanda cha sita:
Habari za kuamka?
Akasema, Nzuri.
Nikaandika "hali nzuri", nikatia saini,
nikapita.

Lakini nzuri ni salamu.
Kwetu hata aliyefiwa na ng'ombe kumi,
ukimwambia mbukwa, ataitikia mbukwa kwanza;
msiba utausikia baada ya maji ya kunywa.

Sista Sechelela alilisoma faili langu amesimama.
Hakunigombeza.
Alimshika mzee kifundo cha mkono, akaitazama saa
dakika nzima,
si robo dakika mara nne kama tulivyozoea,
midomo yake ikihesabu bila sauti.
Akafunua blanketi. Akabonyeza mguu, akaachia:
shimo la kidole likabaki palepale,
unyayo kwenye tope la jaruba.

"Mzee, usiku unalala?"
"Nakaa, mwanangu."
"Tangu lini?"
"Tangu treni ya juzi."
Kisha akacheka kidogo, pumzi ikamkatikia katikati:
"Mtu wa Chali mimi, na chali imenikataa."

Akanipa stetoskopu nisikilize mgongoni.
Chini kabisa, kushoto na kulia,
chumvi ikitupwa motoni.

Sasa andika.

Kalamu ilikuwa imeganda, nikaipumulia.
Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi.
Mapigo mia moja na kumi na nane, hayana mpangilio.
Pumzi thelathini na mbili.
Miguu imevimba hadi magotini, inabonyea.
Anasema: "Nakaa." Usiku wa pili huu.
Ameinuliwa mito mitatu. Daktari ameitwa.
"Daktari gani? Ana jina. Kajibu saa ngapi?"
Nikaandika jina. Nikaandika saa.

Halafu nikairudia ile "hali nzuri" yangu,
niizamishe kwenye wino, isionekane tena na mtu.
Akanidaka mkono.
"Mstari mmoja. Kosa lisomeke.
Tarehe, saa, jina lako pembeni.
Atakayeingia jioni ana haki ya kujua
kwamba asubuhi hapa alipita mtu
bila kutazama."

Nilipiga mstari ule mkono ukitetemeka.
Umepinda. Bado upo, kabatini,
na vumbi la Bahi juu yake.

Siku tisa baadaye, zamu yangu tena.
Miguu ya mzee imenywea, mto umebaki mmoja.
Habari za kuamka?
"Nzuri," akasema,
na kabla sijainama
akautoa mguu mwenyewe nje ya blanketi,
nibonyeze.