Kiti cha Kinyozi, Mtongwe

Kaa, Tsuma. Legeza shingo.
Leo napunguza tu, sinyoi;
kunyoa watakunyoa wao, bure, dakika moja,
kwa mashine yenye meno mabovu,
na nywele zako zitachanganyika sakafuni
na za Mkamba na za Mpokoti,
usijue zipi zako.

Umeniuliza kukoje.
Kwanza ni baridi.
Mtoto wa Mtongwe hujapata kuiona pumzi yako.
Eldoret utaiona, saa kumi na nusu alfajiri,
ikikutoka kama moshi wa jiko
nawe umesimama na fulana,
firimbi bado yalia ndani ya fuvu.

Shuka ikunjwe iwe kama tofali.
Nimesema tofali, si mto.
Koplo ataipima kwa njiti ya kiberiti,
akiikuta imepinda ataitupa dirishani
na chumba kizima, watu arubaini,
watalala kifudifudi kwenye matope
kwa mkunjo wako mmoja.
Hapo ndipo utakapojua majina yao.
Lako lisahau. Utakuwa namba.
Yangu naikumbuka kuliko simu ya mke wangu.

Buti zitakula visigino. Lengelenge usilipasue;
pitisha uzi kwa sindano, uuache humo,
maji yatatoka yenyewe.
Mamako atakufungia achari na mkate wa sinia:
kula njiani, getini havipiti.
Huko ni ugali, sukuma, maharage,
dakika tatu. Utaota samaki wa kupaka,
uamke watafuna blanketi.

Na gwarideni usicheke. Mimi nilicheka,
jogoo alipokatiza safu
akageuka kushoto vizuri kuliko sisi.
Nilibeba gogo mpaka magharibi.

Tulia basi. Nyuma ya sikio hapa pana kovu.

Watu watakwambia nilirudishwa kwa goti.
Goti lilikuwa zima.
Wiki ya saba, usiku, zamu yangu ya lindo,
nilisikia mtu akilia chooni.
Nilimjua kwa kikohozi: Mutembei,
bingwa wetu wa kupanda kamba.
Sikugonga.
Nilisimama nje ya mlango
na bunduki isiyo na risasi, nahesabu.
Kulipokucha alikuwa wa kwanza safuni, uso kauosha.
Aliyeomba kurudi kwao ni mimi.

Sijui wewe utakuwa yupi.
Ila ukimsikia wako, gonga.

Inama nikupanguse.
Kila alfajiri tarumbeta ya kambi ya wanamaji
huruka ukuta, huvuka migomba,
huingia chumbani kwangu,
na mimi, na kitambi hiki,
nishaamka, nakunja shuka.
Mke wangu hunitazama tu.

Rudisha hizo pesa mfukoni.
Utanilipa likizo ya kwanza,
hata ukija na kichwa
kisicho na kazi ya kunipa.