Zamu ya Umeme

Kompyuta yangu imebakiwa na tundu moja zima.
Mengine yalikufa msimu ule wa masika
dari ilipovuja juu ya meza, hapa ghorofani Moshi mjini,
juu ya duka la vipuri.

Jumamosi nikapanda Kiboriloni.
Elinami alikuwa na sanduku la nyaya zilizosokotana kama utumbo.
"Hii habu ina matundu saba, mama.
Ila waya kufanana na mwenzake si kuwa ndugu.
Tafuta kialama cha radi.
Usio na radi utakupa kipanya na kibodi, picha haukupi."
Elfu thelathini na tano.
Tukavutana, ikafika ishirini na nane.

Sasa nina skrini mbili.
Kushoto, ramani kuukuu, wino umefifia kwenye mikunjo.
Kulia, kihamba kilekile kilivyopimwa juzi,
migomba mpaka ukingoni mwa korongo.
Nasukuma mshale kushoto, unagonga ukuta.
Nausukuma kulia, unaibukia kushoto!
Nikacheka peke yangu kabla ya kuingia kwenye mipangilio
nikairudisha kila skrini upande wake.
Ndugu wawili walioniletea kazi hii wako hivyohivyo:
kila mmoja anauona mpaka ndani ya shamba la mwenziwe.

Nikachomeka printa.
Skrini ya kushoto ikazima.
Nikachomoa, ikawaka.
Nikachomeka,
giza.

Nikamkumbuka bibi, kule Uru,
saa kumi alfajiri, jembe begani, miguu ndani ya mfongo,
akipaza sauti kuelekea mlimani:
"Nani huyo kafungua maji zamu ya watu?"
Mfereji mmoja, migomba ya wengi.
Wa juu akizidisha kunywesha, wa chini analamba tope.

Elinami kwenye simu hakunionea huruma:
"Habu haina chaja yake? Itanyonya kwa kompyuta mpaka lini?"

Nikaitafutia chaja.
Kitaa cha buluu kikafumbua jicho,
na skrini zote mbili, na printa,
na diski yenye kazi zangu za miaka tisa,
vikanywa pamoja, pasipo kelele.
Karatasi ikatoka ya moto, mpaka umenyooka katikati yake.

Kesho wanakuja wale ndugu, kila mmoja na wakili wake.
Nimepanga viti vinne, mezani nakala mbili.
Chaja ya hao
sikuiona Kiboriloni.