Nafasi Imepatikana

Ruzuku zilikuwa kumi na tisa.
Wanafunzi tulikuwa ishirini na sita.
Mimi, Delyth Prosser, nikawa wa ishirini,
jina limekaa chini ya mstari
kama sahani ya mgeni ambaye hakuthibitisha.

Oktoba, Swansea. Mvua haianguki, inaegemea.
Usiku nafanya zamu kwenye nyumba ya wazee,
nageuza migongo, nabadili shuka,
alfajiri nasoma sheria ya watoto
kwa macho yaliyojaa mchanga.
Saa nne niko mafunzoni, kitambulisho shingoni,
nagonga mlango wa Mererid, mama wa watatu,
fomu mapajani:
Unapata kiasi gani kwa wiki?
Umewahi kuruka mlo ili mtoto ale?
Majibu yake nayaandika.
Yangu nayameza na mate.
Akaangalia kiatu changu, soli imeachama,
akaniuliza, "Na wewe, nani huja kwako?"
Fomu haikuwa na kisanduku cha swali hilo.

Iestyn alikuwa wa kumi na moja. Yeye alipata.
Ndiye aliyenipakia kwenye gari lake bovu
kila Jumanne, akikataa hela ya petroli.
Ruzuku ililipa ada, ikalipa na nauli,
kodi ya nyumba haikuijua.
Februari kiti chake kikawa kitupu,
tukadhani ana mafua.

Kisha barua, lugha mbili,
Kiwelisi mbele, Kiingereza nyuma:
Tunafurahi kukujulisha kuwa nafasi imepatikana.

Nafasi haipatikani.
Nafasi huachwa,
na ukiikalia mapema unakuta bado ina joto,
kama kiti cha basi.
Kufa kufaana, walisema;
na hapa hakufa mtu,
amehamia tu ghala la vifurushi nje ya mji,
anapima hatua zake kwa mashine ya mkononi.

Nilisaini. Sitajifanya kwamba nilisita.
Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko aibu yangu.

Malipo ya kwanza yalipoingia nikamtumia Iestyn
pauni arobaini, za petroli ya zile Jumanne.
Zikarudi usiku uleule, na ujumbe:
"Kaa nazo. Siku nikiwa faili mezani kwako,
gonga mlango taratibu."

Nimenunua viatu.
Vinabana kidogo, upande wa kushoto.