Namba Arobaini na Moja

Bei yangu franga mia tano kwa simu moja,
Birere, mkabala na duka la misumari.
Naandika namba, nachana karatasi:
nusu kwenye simu, nusu mfukoni mwa mwenyewe.
Marehemu naye alikuja hivyo hivyo,
saa tano usiku, umeme umekatika Goma nzima.
Akasema, "Katungu, nipe namba."

Muhindo. Yule yule wa bango la njia ya uwanja wa ndege.
Aliyenipita kwenye gari la vioo vyeusi
siku nilipomwinulia mkono, nao ukabaki juu
kama wa mtu anayening'inia kwenye lori.
Tuliyemzika Machi:
aliketi bondeni kwenye mawe meusi apigwe video ya alfajiri,
mazuku ikampanda kimya kimya toka magotini,
na kamera, kule juu, ikaendelea kumpenda
dakika tano nzima.

Nikamwandikia: 41.
"Kaa. Wako arobaini mbele yako."
Hapakuwa na mtu. Akakaa.
Changarawe ya volkeno haikulia chini ya kiatu chake.

Usiku wa tatu akataja kinachomfunga.
Kila redio ikimwimbisha, anavutwa kama mbuzi wa mnada,
Ndosho, Majengo, Katindo, baa tatu kwa mpigo mmoja.
"Wananipenda hata sipati kufa.
Wala kuishi sipati."
Lakini mvua ilipochana bango, shavu lote la kulia,
alisikia joto. Akanipa niguse.
Lilikuwa na ndevu. Zilikwaruza.

Basi nikawa mwizi.
Simu zenu zililala kwangu, watu wa Birere,
mimi sikulala. Wimbo kwa wimbo, nikafuta.
Simu ya polisi. Ya mama muuza sambaza. Ya bwana harusi
aliyekuwa nazo zote kumi na nane.
Asubuhi mlileta nusu zenu za karatasi,
mkashukuru kwa betri,
mkasimama kidogo mlangoni
kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Changarawe ikaanza: kra. Kra.
Akapata njaa. Akamaliza sambaza zangu, akaniomba radhi
mdomo umejaa, radhi ya lile gari,
nami sikumjibu. Nilikuwa nahesabu franga.

Ukabaki mmoja,
kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka.
Ana miaka kumi na sita, anaimba vibaya,
jogoo anamwingilia,
analikosea jina langu makusudi ili nicheke.
Kidole gumba changu kikasimama juu ya kitufe.
Mlima ulikuwa mwekundu nyuma yake.
Kivuli chake kilishafika ukutani, pungufu kidogo tu.

"Ukiufuta, nitakuwa mzima."
"Nami nitakukumbuka?"

Akautazama mlima.

Siku hizi anasukuma chukudu ya makala toka Kibumba.
Hakuna anayegeuka. Wanamwita "weye wa makala".
Ukimlipa, hesabu mkono unaopokea:
vidole vinne.
Cha tano kipo. Nakijua mimi, umeme ukikatika,
kinapogonga meza yangu polepole,
na ile karatasi, imelainika kama kitambaa,
inasogea kuelekea kwangu.

Jana kibanda kilikuwa kitupu.
Nikasafisha koo, nikaita kwa sauti:
"Thelathini na tisa!"